Vita Juu ya Mlango

Nimeung'oa mlango wa stoo kwenye bawaba zake,
nikaulaza juu ya maboksi manne ya maji ya chupa
katikati ya majlisi, Ruwi, ghorofa ya tatu,
Jumatano ya Agosti, saa mbili za usiku,
na ukuta bado una moto ukiugusa.

Juu ya mlango nimejenga mji.
Nyumba ni povu gumu lililokuja na friji,
nimelichonga kwa kisu cha nta, nikalipaka udongo
niliouchota Wadi Kabir kwa kopo la maziwa.
Falaji ni mrija uliopasuliwa.
Mnara wa mlinzi una ufa. Ufa ule sikuukusudia,
lakini kila aliyeuona kausifu, nami nikanyamaza.

Kazi yangu ni meno. Mchana nachonga magego
ya watu nisiowajua, na yale yaliyokosewa rangi,
yaliyorudishwa na daktari, nayatia mfukoni.
Ndiyo maana Lile lina meno mia na kumi na saba
na hakuna mawili yaliyokusudiwa kinywa kimoja.

Lile. Jina halina.
Watu husema jambo halina kichwa wala miguu
wakimaanisha upuuzi, wakacheka, wakaenda zao.
Mimi nimelitengeneza: halina kichwa, halina miguu,
lina mikunjo ya nta nyekundu kama ufizi,
na pale ambapo ungetarajia mgongo
pana kinywa, na ndani ya kinywa, kinywa.
Linashuka kutoka kule ambako nyota
hazikupangwa kwa ajili yetu.
Nawaambia kila mara: halina chuki na nyinyi.
Halijui kama mpo.

Mundhir kaja na askari arubaini,
kila mmoja urefu wa pingili ya kidole,
kawavika vilemba vya zafarani kwa brashi ya nywele tatu.
Biju wa ghorofa ya chini kaja na mizinga
na sahani ya ndizi za kukaanga.
Mpwa wangu Ghaniya, miaka tisa, kaja na mmoja.
"Mmoja tu?"
"Huyu anatosha."

Kanuni: anayeliona, arushe dadu kwa akili yake.
Nyuso ishirini. Chini ya saba, anakimbia.
Chini ya tatu, anawageukia wenzake.
Moja, anakaa chini na kuanza kuhesabu mchanga.

Saa nne haijafika, askari kumi na moja wa Mundhir
wanahesabu mchanga.
"Dadu lako limelogwa." Kalipulizia, kalisomea, kalirusha.
Likaruka ukingo, likaingia chini ya kochi,
naye akalifuata kwa tumbo.
Biju kapiga mizinga yote mitano. Shabaha njema kabisa.
Nikasoma jedwali: Lile halijahisi kitu.
Akatafuna ndizi moja, polepole.

Wa Ghaniya kasimama penye ufa. Lile liko inchi mbili.
"Zamu yake kurusha."
"Harushi."
"Kila anayeliona anarusha, mwanangu."
"Yeye halioni. Mwangalie macho."

Nikachukua kioo changu cha kazini, nikainama.
Mboni mbili, vumbi tupu.
Brashi ilimteleza mtoto, au haikumteleza:
hazilitazami Lile. Zinatazama juu yake, juu zaidi.
Mimi.

Tulikuwa nyuso tatu zimeinamia mji,
kubwa, zinang'aa jasho, zinanuka iliki.
Hakuna aliyesema kitu.
Kisha chini ya kochi, sauti ya Mundhir:
"Moja tena."

Nikafunua kanuni. Kurasa sita, mwandiko wangu.
Hamna neno kwa anayetazama huku.

Saa sita wamekwenda. Ghaniya kalala zuliani.
Mji umeanguka upande wote wa falaji.
Nikawapanga wafu ndani ya bati la halua,
huyu mmoja nikamlaza kifudifudi, nikazima taa,
nikasimama gizani kiyoyozi kikidondoka ndooni.

Kisha nikawasha. Nikamgeuza chali.
Nikamwambia, kwa sauti ya chini,
kwamba nami sijui.
Kwamba kesho naamka saa kumi na moja,
nina daraja la meno manne halijapata rangi,
na hulipwa kwa jino.