Muhuri wa Posta

Saa tisa alasiri, Kemijärvi, na giza limeshakaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mimi huja maktaba kwa ajili ya joto, sitawaficha:
joto, na kahawa ya bure kila Jumanne.
Vitabu ni majirani tu, tunasalimiana.

Akaingia Jalo, mtoto wa fundi wa magari ya theluji,
viatu vikichuruzika, simu kaiinua juu:
"Mbwa mwitu! Uwanjani kwetu shuleni! Kesho hatusomi!"
Tuulikki hakusema ni kweli, hakusema ni uongo.
Alivuta kiti.
"Haya, tumtazame huyo mgeni."

Nami nikanyamaza, nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Picha ya kijivu, iliyochujuka.
"Kivuli chake kiko wapi?"
Chini ya tumbo.
"Na jua letu la Desemba hufika wapi?"
Jalo akageukia dirisha, dirisha likamrudishia uso wake.
"Na mti huu?"
Akainama. Majani mapana.
Majani mapana, kwetu, Desemba!
Akacheka peke yake, kicheko cha mtu
aliyeushika mkono wa mwizi ungali mfukoni mwake.

Ndipo wakaanza kufukua: kaituma nani,
naye kaipata kwa nani, na huyo je?
Wakaitafuta picha kwa picha yenyewe,
si kwa maneno iliyovishwa,
mpaka wakaikuta, kuukuu, ya miaka sita,
bustani ya wanyama, nchi nyingine kabisa,
na mnyama ana jina lake na siku ya kuzaliwa.

"Usiseme nimeona," Tuulikki akamwambia. "Sema nimeonyeshwa.
Halafu uliza: na nani?"

Miaka thelathini na mmoja nilibeba barua za mji huu.
Sikutia bahasha mlangoni pa mtu
kabla ya kuisoma mgongo: imetoka wapi,
muhuri wa lini, mwandiko wa nani.
Isiyo na mtumaji niliishika kwa ncha za vidole
kama samaki wa juzi.
Na asubuhi hii hii, kitandani, miwani ikiwa kwenye droo,
nilimpokea mbwa mwitu yule yule
nikamtuma kwa watu kumi na mmoja,
akiwemo dada yangu wa Rovaniemi, mwenye moyo mbovu.
Bila bahasha. Bila muhuri.
Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo,
akitembea mwenyewe. Huyu nilimbeba mimi.

Jalo akaondoka na msiba wake: kesho kuna hesabu.
Nikasogeza kiti.
"Nionyeshe tena," nikamwambia Tuulikki, "pale penye kivuli. Polepole."
Hakuniuliza kwa nini.

Kisha nikaandika, mara kumi na moja: Nilikosea.
Tisa bado wamenyamaza.
Mmoja anasema mbwa mwitu yupo tu, picha au bila picha.
Dada yangu ameuliza:
"Kwa hiyo sasa nifungue mlango?"