Ufunguo Kwenye Msumari

Kabla sijajua majina ya mitaa, nilijua vyoo vyake.
Toka Kadutu kushuka mpaka Nyawera:
kimoja cha parokia, mlango hufungwa saa mbili;
kimoja nyuma ya duka la Mama Nsimire,
faranga mia mbili, maji ujiletee;
kimoja cha kituo cha mafuta, ambako kijana wa pampu
hunisalimia, "Madamu, tena?"
Hiyo ndiyo ramani yangu ya Bukavu.

Wamenipima amiba mara sita.
Mara sita wakasema hakuna, na mara sita
wakanipa dawa ya amiba,
kwani kwetu tumbo likilia, mshitakiwa anajulikana.
Shangazi akaleta mululuza kwenye chupa ya fanta:
"Kunywa, kuna mtu amekutazama vibaya sokoni."
Nikanywa. Uchungu ulifika mpaka kwenye nywele,
tumbo likabaki na neno lake.

Siku tatu limefunga, kama duka la mfiwa.
Siku ya nne, saa nne na robo, katikati ya hesabu,
linafungua milango yote kwa pamoja.
Darasa la tano B, watoto hamsini na sita,
chaki mkononi, jasho shingoni,
nagawanya tatu kwa nne
huku nikihesabu hatua: arobaini na moja mpaka mlango wa bati.
"Kapita, andika wapiga kelele!"
Narudi, jina la kwanza ubaoni ni langu:
*Mwalimu. Ametoka bila ruhusa.*

Daktari Murhabazi hakukimbilia kalamu.
Aliuliza: unakula saa ngapi? Unalala?
Nani anakutisha?
Swali la tatu lilinikuta sijajiandaa.
Nikalitazama ziwa dirishani.
"Utumbo wako hauna kidonda," akasema. "Unasikia mno,
kama mtoto anayelala karibu na mlango.
Umezaliwa mwaka gani?"
Nikamwambia.
Akatikisa kichwa, akafunga faili polepole.
Habari za vita hatukuzigusa.

Sasa naamka saa kumi na moja, jirani hajawasha redio.
Maji ya uvuguvugu, uji wa mchele,
halafu nakwenda kukaa. Sisukumi. Nangoja
kama mgeni anayejua mwenyeji bado anavaa.
Siku nyingine mwenyeji hatoki.
Naondoka bila ugomvi.

Maharagi nimeyaacha. Hapana, nisiseme uongo:
tumepunguziana. Vijiko viwili Jumamosi,
siku ambayo sina mtu wa kumfundisha.
Maziwa yamekwenda, vitunguu vibichi vimekwenda.
Sambaza wa kukaanga,
hao Daktari asiniulize.

Ninaandika kila kitu kwenye daftari, kama alivyoagiza.
*Jumanne: mlio tu. Jumatano: mkaguzi anakuja; mara tatu
kabla ya kengele. Alhamisi: mkaguzi hakuja; mara nne.*

Halafu Cishugi, wa dawati la mwisho,
akainua kidole mara ya pili asubuhi moja.
Miaka tisa nimejibu: subiri mapumziko.
Nikaona midomo iliyokauka, magoti yaliyobanana,
lugha ninayoifahamu kuliko Kifaransa changu.
Neno langu la miaka tisa likanikwama.
"Kimbia," nikasema.

Jioni nikapigilia msumari kando ya mlango,
nikatundika ufunguo wa choo kwa uzi mwekundu.
Hakuna kuuliza, hakuna kueleza.
Mkuu wa shule akasema watautumia vibaya.
Ni kweli: Bisimwa aliuchukua mara tano siku ya kwanza,
akaenda kuangalia vifaranga vya mlinzi.

Leo, saa nne na robo, nimenyoosha mkono:
msumari mtupu.
Nikasimama pale, watoto wakinitazama,
nikapumua kwa pua, polepole, kama nilivyofundishwa,
mpaka nikasikia kandambili zikirudi koridoni.
"Robo tatu," nikasema, mkono bado hewani.
"Nani anaweza kunichorea robo tatu?"