Upepo wa Matairi

Jumatano usiku, Radom. Sakitu imeshaonja vioo.
Kesho kutwa ni Sikukuu ya Watakatifu Wote
na nusu ya nchi, kama sisi, iko uani na tochi,
imeinamia matairi.

Bogdan ameapa tutatoka saa kumi alfajiri,
tuipite Warsaw kabla haijapiga miayo.
Kila mwaka huapa saa kumi.
Kila mwaka saa mbili hutukuta tunatafuta
funguo, soksi ya pili, kifuniko cha chupa ya chai.

Nahesabu mishumaa ya vikombe vya kioo,
nimeiviringisha kwenye taulo isigongane njiani:
miwili ya bibi, miwili ya babu,
mmoja wa kitoto kisicho na jina, kule pembeni ya ukuta,
ambacho si chetu, ila mama alikizoea,
na mazoea yana taabu.
Ya baba sikuihesabu. Nilikomba rafu nzima dukani.

Ziemowit anapiga simu kutoka Dublin.
Begi lake la ndege ni dogo kama la shule,
amelipima mara tatu kwa mizani ya bafuni:
anapanda nalo, anapanda bila yalo,
anatoa, kisha analalamika kwamba yeye ndiye aliyenenepa.
"Suti haingii. Nitavaa koti juu ya koti,
nipande ndege kama kabichi."
Nacheka. Anacheka. Halafu kimya kinaingia kwenye laini.
"Hivi," ananiuliza, "baba mlimzika na saa yake?"
Namwambia: lete pasipoti, lete siagi,
mengine tutayaongea barabarani.

Gari hili lilikuwa la mzee.
Natafuta karatasi ya bima kwenye droo ya dashibodi,
nakuta peremende zilizogandana, fyuzi mbili,
na nyuma ya risiti ya rangi ya uzio
mwandiko wake, kila herufi imesimama kama msumari:

MBELE 2.2. NYUMA 2.3.
UKIBEBA MAUA, NYUMA 2.6.

Basi. Hakuna salamu, hakuna "mwanangu".
Alikuwa mtu wa kuziba ufa;
ukuta aliwaachia wengine waujenge.
Hospitalini, siku ya mwisho aliyoongea,
aliniuliza kama waipa ya kushoto bado inapiga kelele.
Nilimjibu haipigi.
Inapiga.

Kalina anashuka ngazi na sufuria ya krisantemu za njano,
kubwa, hauoni uso wake, unaona maua yenye miguu.
Buti limejaa. Kiti cha nyuma kimejaa:
ufagio, ndoo, brashi ya kusugulia mawe,
mikate ya mayai ya kutosha kikosi cha zimamoto.
"Nilisema nyekundu ndogo," Bogdan anaguna.
"Babu alipenda njano," mtoto anajibu,
na hapo mjadala umefungwa.

Saa kumi na dakika arobaini (tumevunja rekodi)
sufuria inawekwa kiti cha mbele.
Mimi nimebanwa nyuma, nimepakata ndoo.
Bogdan anawasha, na gari linaanza kulia:
ti, ti, ti, taa nyekundu kwenye dashibodi,
abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Tunatazamana kwenye kioo.
Bogdan hasemi neno. Anajinyoosha,
anavuta mkanda taratibu, anauzungusha mashina,
asivunje hata ua moja, anaubana. Tak.
Gari linanyamaza.

Kwenye kituo cha mafuta cha kwanza
nashuka mwenyewe na kale kakaratasi mfukoni.
Baridi inauma vidole. Mpira wa pampu unafoka kama paka.
Mbele mbili nukta mbili.
Nyuma najaza, napima, najaza tena,
mpaka mshale unasimama pale alipoandika.