Blanketi la Wafubwa

Mlangoni pa ofisi yangu nimebandika:
KARIBU, SAA NANE HADI SAA KUMI.
Muhula mzima aliyekaribia ni nyigu.

Leo hapa Lurambi mvua imeshuka saa tisa, kama ada yake,
na kwenye kamba ya bweni blanketi la Wafubwa
limenyeshewa siku ya tatu.

Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena.
"Nani?"
"Kasisi. Blanketi lako limelowa, nami nina mikono miwili tu."

Akatoka, macho mekundu, kandambili zisizofanana.
Akashika ncha huku, mimi kule,
tukalisokota, kila mtu kwa kulia kwake,
maji ya kahawia yakitumwagikia miguuni.

Sikumuuliza mitihani. Sikumtajia Ayubu.
Blanketi likisokotwa hufupika, likatuvuta,
hata tukakutana ngumi kwa ngumi,
ndipo akasema, akilitazama lile blanketi:
"Nyumbani wanadhani bado niko mwaka wa tatu."

"Kaza kidogo," nikamwambia, "upande wako una maji."

Akakaza. Akalia. Akakaza.

Tukalianika upya, jua lenyewe la jioni, lisilokausha hata leso.
"Kesho litakuwa bado bichi," nikasema.
"Nitapita."