Suke la Kando ya Kichuguu

Uwele huu si ule.
Jina ni lile, chungu ni kile, mwiko ni ule ule
uliolika upande mmoja kama mwezi wa siku ya ishirini,
lakini huu si uwele aliokuja nao Perusi Chidawali
siku ya kuolewa Mvumi, vibuyu viwili, kutoka kwao Bahi.
Ule ulimpita mtu aliyenyoosha mkono.
Ulingoja mvua ya Aprili hata isipokuja.
Huu unaishia kifuani. Kabla ya Pasaka umekomaa.
Suke lake lina vinywele vikali:
kwelea kwelea hutua, hujichoma, huhamia kwa jirani.

Nikamuuliza, ulibadilika lini?
Akaacha kupepeta. Alifikiri kwa haki kabisa,
kama atafutaye sindano aliyeiweka mwenyewe.
"Haujabadilika," akasema. "Napanda uwele wangu tu,
kila mwaka mbegu ya mwaka jana."

Na hakudanganya. Fumbo liko hapo.
Kila mwaka mtoto alifanana na mzazi.
Laza sakafuni masuke ya miaka miwili, hutayatofautisha.
Laza ya miaka arobaini:
la kwanza na la mwisho hayasalimiani,
na katikati hakuna kizingiti
ambapo ungesimama useme, hapa ule umekoma.

Basi nani?
Kiangazi cha mwaka wa mahindi ya njano
kiliua mirefu yote, ikabaki mifupi mitatu
penye shimo la kwato za ng'ombe, palipolala maji siku mbili.
Ndege walikula masuke laini. Hawakukusudia kuumba miiba,
walikuwa na njaa.
Dumuzi walitoboa punje za ganda jembamba
hukohuko darini, ndani ya tembe, juu ya moshi wa mafiga.
Na mkono wa Perusi ulichagua
kwa sababu ambazo haukumwambia mwenyewe:
hili linajaa kiganja, hili limekaa vizuri, hili basi tu.
Hawakuketi kikao. Hapakuwa na mwenyekiti wala muhtasari.
Kila mmoja alivuta kwake,
na mmea ukaenda mahali ambapo hapana aliyekuwa akiuvutia.

Mimi nimesomea mimea. Nilikuja na daftari na futi ya fundi
kumtafuta fundi.
Sasa asili naiona kama njia ya kisimani:
hakuna aliyeichora, kila apitaye huikanyaga kidogo,
na wa kesho huongozwa na nyayo za jana.
Hata mfano huu una dosari. Njia haifi kiu.

Tena mgongo wa Perusi.
Zamani alivuna amesimama, akishusha mabua kama matawi.
Uwele ulipofupika naye akapinda,
leo hata akienda kanisani anatembea kama mtu avunaye.
Sijui nani amemfuga mwenzake.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, kando ya kichuguu,
niliona suke lililotangulia wenzake siku kumi na moja,
jekundu kama makorongo ya Kondoa.
Nikalipima. Nikalifunga uzi wa bluu.
Usiku nikawaota wajukuu wake,
mashamba mekundu hadi Manyoni
na mvua ya wiki sita ikitosha.

Asubuhi uzi ulikuwepo,
umening'inia kwenye bua lililotafunwa.

Nililalamika kama mfiwa.
Nikasema habari ya bahati mbaya, ya ajali,
ya kitu cha nje kilichoingilia.
Perusi akacheka mpaka ungo ukamwaga pumba:
"Kwani mbuzi yeye hayumo shambani?"

Nikafungua daftari, kwenye safu ya sababu
nikaandika: mbuzi.
Uzi nikautia mfukoni.