Ziwa Limevimbiwa

Mwezi wa saba, Holmby, Wisconsin.
Nateremsha sahani kwa kamba yenye mafundo,
nyeusi kwa nyeupe, mabaka ya ng'ombe wa jimbo hili,
na kabla fundo la nne halijalowa
haipo.
Sentimita thelathini na nane. Naandika.
Mashua inanuka yai viza.

Nilikolelewa, kijani ni baraka:
mvua imenyesha, mbuzi watashiba.
Hapa kijani kimelala juu ya maji kama rangi iliyomwagika,
kizito, povu pembezoni,
na bango la gatini lina picha ya mbwa
aliyekatwa kwa mstari mwekundu.
Mbwa wa Bi Lorraine Kubiak hakujua kusoma picha.
Aliogelea, akajilamba manyoya.
Alizikwa kabla ya chakula cha jioni.

Huu si ugonjwa wa njaa,
nawaambia watoto wa shule wanaokuja na ndoo zao.
Ziwa limekula mno.
Limelishwa samadi, limelishwa mbolea ya gunia,
kila mvua sinia jipya,
wala hakuna aliyeliambia basi, nawa.
Shibe mwana malevya:
mwani umelewa, umezaana, umejifia,
na ulipooza umeondoka na pumzi za samaki.

Mwezi wa kumi, mkutano, ukumbi wa zimamoto.
Nilionyesha ramani. Wekundu ulipanda na kijito
mpaka kwenye mahindi ya Verlyn Tollefson,
mwenye ng'ombe mia tatu na arobaini.
Sikutaja jina. Ramani ilitaja.
Alisimama, kofia mkononi, akasema taratibu:
"Mama, tangu mwaka juzi nimeacha mita kumi za nyasi ukingoni,
mita kumi kwa kilomita mbili.
Yapigie hesabu mahindi hayo.
Halafu unieleze yale majani
yaliyorundikwa barabarani mbele ya nyumba yako,
Mtaa wa Tatu, kila vuli."

Watu walicheka.
Mimi pia, kwa meno tu.

Nilirudi kwa miguu, nikachuchumaa
penye wavu wa mfereji, taa ya simu mkononi.
Majani ya mti wetu yalikuwa yamelowa siku tatu
na kilichopita chini yake kilikuwa chai ya rangi,
imekolea hasa,
inakwenda ziwani bila kikombe.
Mimi, mtu wa chai, niliyesomea maji miaka sita!
Fosforasi ni ile ile.
Nyani na kundule; wahenga walishamaliza.
Nikaenda kuchukua reki, saa nne usiku,
mume wangu dirishani akiuliza kama nimerogwa.

Mwezi wa saba mwingine.
Tollefson amekuja na viatu vya mpira, anashika kamba.
"Ngapi?"
"Arobaini na moja."
"Tatu tu?"
"Tatu."
Akatazama maji kwa muda mrefu.
Akaniambia kuhusu baba yake, Februari,
akitawanya samadi juu ya theluji
kwa sababu shimo lilikuwa limejaa
na kila mtu alifanya hivyo.
"Iko humo bado," akasema. "Kwenye tope."
Iko. Miaka thelathini, pengine hamsini,
tope litakuwa likiitapika polepole
hata sisi tukiwa watakatifu.

Kwetu, kabla maiti haijatiwa kaburini,
husimama mtu akauliza: nani anamdai marehemu?
Na watoto huitikia, tutalipa.
Sikujua namna ya kumweleza hayo,
nikamweleza tu.
Alikunja kamba fundo kwa fundo, midomo ikisogea
kama anayehesabu kitu kingine.

Kisha akairudisha sahani majini,
maana alidhani nimesoma vibaya.