Kipimo cha Chumvi

Mtaa huu niliuchora mimi, kwa mkono wangu,
ghorofa ya pili, dirisha limefungwa vumbi lisiingie.
Viwanja mia nne na kumi, kila kimoja uwanja wa mpira,
barabara imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Maduka niliyapaka bluu, yote pembeni,
kule kwenye lami, yasije yakachafua mpangilio.
Mkuu wangu akasema, safi. Akagonga muhuri.

Mwaka wa tatu nikapata kiwanja humo humo Iyumbu.
Nikajenga. Nikaweka geti la chuma.

Jumapili ya kwanza, maji ya ugali yako jikoni,
Mbeho akaita: chumvi imeisha!
Nikavaa kandambili, nikatoka.
Ukuta. Ukuta. Pagale. Geti. Ukuta.
Upepo wa Septemba ukanimwagia mchanga machoni.
Mti hakuna. Nafasi ya miti niliiacha, nakumbuka,
ila kijani cha kwenye karatasi
hakidai ndoo ya maji.
Wa bodaboda alitaka elfu mbili
nikanunue chumvi ya mia tano.
Nikatembea. Niliporudi sufuria ilikuwa nyeusi,
na Mbeho hakusema neno,
jambo ambalo kwetu ni hotuba ndefu.

Kisha Bi Sechelela, kiwanja namba mia mbili kumi na saba,
akatoboa ukuta wake.
Tundu la kupitisha mkono tu:
nyanya, viberiti, mlenda mkavu kwenye vifuko,
na chumvi.
Akapanga matofali manne yaliyobaki, yakawa benchi.

Basi watu wakatoka.
Mzee Ndahani, ambaye tangu apooze mguu
dunia yake ilikuwa sebule na choo,
sasa anakuja na mkongojo, hatua sitini, nimezihesabu,
ananunua kiberiti kimoja kila siku
na havuti sigara.
Mbukwa, anasema. Mbukwa, wanamjibu
wanawake wawili walioishi ukuta kwa ukuta miaka miwili
bila kujuana majina.

Juzi barua ikatua mezani kwangu.
Ukiukaji wa matumizi ya ardhi. Kiwanja 217.
Siku thelathini kuziba tundu.
Pameachwa mstari, chini, wa saini yangu.

Sikusaini. Sikuichana pia, mimi si shujaa.
Niliiweka kwenye droo, chini ya rula,
nikaenda nyumbani, nikarudi na kifuniko cha sufuria.
Nikakilaza juu ya ramani, nikazungusha penseli.
Duara. Nikakisogeza. Duara.
Ndani ya kila duara nikatafuta pa kuweka
genge, chekechea, muuguzi mwenye mzani wa watoto,
kivuli cha mtu kupumzikia na mzigo wake.
Kwenye maduara mengi hapakuwa na pa kuweka chochote.
Nilikuwa nimeshagawa kila kitu.

Mkuu akainama, akavua miwani.
Hiki ni kipimo gani?
Nikamwambia: maji yakibandikwa,
mtoto aende, arudi na chumvi,
ayakute hayajachemka.
Akanitazama muda mrefu.
Ramani akaichukua. Hakusema anaipeleka wapi.

Leo ni siku ya ishirini na sita.
Jioni, Mbeho amewasha jiko,
na binti yetu Nyemo anakimbia peku,
mia tano imefumbatwa kiganjani,
anarudi ana chumvi, ana mchubuko gotini,
ana habari ya paka wa Bi Sechelela, amezaa watatu,
na anauliza kama tunaweza kwenda wote kuwaona,
sasa hivi, kwa miguu.